Sanda ya Mtu Aliye Hai

Mimi ni mbea. Nalisema mapema ili msomaji asije akaniona vibaya baadaye. Ukikaa miaka ishirini nyuma ya cherehani sokoni Arua, ukiwapima wanawake viuno na vifua, umbea unakuwa sehemu ya kazi. Mtu akishainua mikono umzungushie utepe, maneno nayo hutoka, na mimi sijawahi kumkatiza mtu. Lakini siku alipokuja binti wa sanaa, mwenye maswali nilikuwa mimi.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Arua, aliyesomea sanaa chuo kikuu huko Kampala. Kichwa amenyoa, miguuni ndala. Aliweka mezani kwangu bafta nyeupe, akaniomba nimshonee sanda. Nikampa pole, nikamwambia sanda haishonwi, inakatwa na kufungwa tu. Akasema yake ishonwe kidogo mabegani, upepo usiivue. Nikamuuliza marehemu ana urefu gani.

"Mama, pima mimi," akasema.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana alikuwa ameshainua mikono.

Nilimpima polepole kuliko kawaida ili nipate muda wa kumhoji. Alisema kuna sanaa ambayo huhitaji rangi wala ubao, chombo chake ni mwili wako mwenyewe. Unaweza kusimama siku nzima mahali pamoja, au kubeba jiwe kutwa, au kufua nguo ambayo si chafu, watu wakikutazama, na kitu ndani yao kikasogea. Nikauliza ngoma iko wapi. Hakuna ngoma. Wimbo? Hakuna. Kiingilio je? Hakuna. Nikamwambia hiyo sanaa yake imenyimwa kila kitu, hata mavazi amebakiziwa sanda. Hakukasirika. Alisema anataka kulala kama maiti uwanjani katika mji wa Koboko, kuanzia asubuhi hadi saa kumi, ili watu waliozika wapendwa wao bila kulia wakati wa korona waje walie kwake.

"Kwa nini Koboko?" nikauliza.

Kwa sababu bibi yake alizikwa huko wakati ule ule, na watu waliovaa plastiki, yeye akiwa amefungiwa Kampala. Hajalia hadi leo. Akajigusa koo. "Iko hapa. Inakataa kutoka, inakataa kushuka."

Mahali alipogusa napajua.

Baba yetu alikuwa askari. Sisi watoto wake tulikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kimekaa mdomoni mwangu pamoja na Kilugbara. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu Pajulu kulima muhogo na kushabikia mpira. Kila mara timu ilipocheza uwanjani Onduparaka alikwenda kwa miguu, na alipokuwa akirudi jioni tulimjua kabla hatujamwona, kwa mlio wake.

Kwetu kila mwanamume ana mlio wake. Ni wito wa sauti nyembamba, mrefu, anaoutunga mwenyewe akiwa kijana, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuita. Ukiuita mlio wa mtu umemtukana, na watu wameshapigana kwa jambo hilo. Wa baba ulianza juu sana, ukazunguka mara tatu, kisha ukashuka taratibu hadi mlangoni. Mama akiusikia kutoka barabarani, alichukua sufuria iliyokuwa imeshaipuliwa na kuirudisha motoni, ili baba akifika akute chakula cha moto. Nilidhani wanawake wote duniani hufanya hivyo.

Mlio wa mtu ukishakosa mwenyewe, unaitwa mara moja tu tena. Mtoto wake wa kwanza wa kiume anauita nyumbani, mbele ya wafiwa, kisha ngoma ya matanga inachezwa, na marehemu anakuwa amefika. Baba alikufa wakati barabara zimefungwa. Tulikuwa watu kumi kaburini, midomo imefunikwa, na afisa mmoja akiangalia saa. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, ni wakala wa forodha kule mpakani Oraba, anawapitishia wenye malori mizigo ya kwenda Sudan Kusini. Alitoka kule kwa baiskeli, akarudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Basi baba alizikwa bila mlio.

Kwa hayo hakuna aliyemlaumu. Lakini barabara zilifunguliwa, na kaka hakuja. Tulimwita kwa simu akasema malori ni mengi. Tulimwita tena akasema mpaka umechafuka. Miaka ikapita. Akatuma mabati, akatuma mbuzi, yeye mwenyewe hakuja. Nami nilimchukia kwa hilo, siwezi kusema uongo. Nilimwona mtu mwenye kiburi cha mpakani, aliyezoea kusubiriwa na madereva, sasa anataka kusubiriwa hata na kaburi.

Na mama alikuwa anazidi kuzeeka. Tangu tumzike baba hakuwahi kupasha chakula jioni. Alikula kiporo baridi, akasema yeye bado ni mke wa mtu aliye njiani. Sikio lake la kushoto lilikufa mwaka juzi, na la kulia lilianza kuondoka. Siku moja aliniambia waziwazi: akishakuwa kiziwi, kaka asijisumbue tena kuja. Nilimpelekea kaka maneno hayo kama yalivyo. Akasema kuna lori linapiga honi.

Kwa hiyo binti yule aliposema anatafuta mtu wa kukaa kichwani pake na kuwaeleza watu kwa Kiswahili na Kilugbara, nilikubali kabla hajamaliza. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona watu watafanya nini, na nilitaka nikishamaliza niende Oraba nikamshike kaka yangu shati.

Tulifika Koboko mapema Jumamosi. Binti alikuwa ameomba ruhusa ya uwanja mmoja kando ya barabara iendayo Oraba, tukafunga turubai, tukatandika mkeka. Akavaa sanda yangu, ikamkaa vizuri sana, mabega yametulia, na nikaona aibu kufurahia kazi ya mikono yangu mahali kama pale. Alinipa masharti: hatasema, hatafumbua macho, na picha zisipigwe. Kila anayekuja nimwambie kwamba huyu si marehemu, ni mtu mzima wa afya, amejitolea umlilie uliyemkosa. Kisha akalala, akafumba macho.

Masharti yalidumu kama saa moja hivi.

Waendesha boda ndio walioanza. Mmoja alisimama, akaona sanda, akavua kofia. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa heshima zote, akapanda pikipiki yake, akaenda kuwaambia watu wa mtaa kwamba uwanjani kuna msiba na mfiwa amechanganyikiwa, anasema maiti iko hai. Mfiwa ndiye mimi. Haukupita muda wakaja kina mama na unga wa muhogo, kuni vichwani, maharage kwenye beseni. Niliwaeleza tena. Mmoja aliyekuwa mnene na mwenye haraka alinipigapiga bega.

"Ndiyo, mama, tumesikia. Iko hai. Sasa watu watakula nini?"

Hapo nikaelewa kwamba msiba Koboko hauhitaji idhini yako. Mafiga matatu yakawekwa, sufuria kubwa zikaletwa, vijiti vya turubai la pili vikasimikwa. Mzee mmoja Mwislamu, askari wa zamani aliyejuana na baba zetu wa kambini, alikuja na fimbo yake akauliza mbona mpaka sasa hajazikwa. Nikamweleza habari yote ya sanaa, na mwili kama chombo, na kitu kusogea ndani. Alinisikiliza vizuri kuliko wateja wangu wengi.

"Sawa, hai iko hai," akasema. "Lakini sanda amekwisha vaa. Sasa tunangoja nini?"

Nilitazama chini nikaona tumbo la maiti wetu linatikisika kwa kicheko. Mzee naye aliliona. Alikaa kwenye benchi, na hakuondoka mpaka jioni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba walikuwa wanaelewa tangu mwanzo. Hawakudhani amekufa. Walijua tu namna moja ya kumfanyia mtu aliyelala ndani ya sanda, na wakaanza kuifanya. Walipokuwa wameshaweka chungu motoni, ndipo wakaanza kuja mmoja mmoja kwenye mkeka. Mama muuza samaki alikaa, akamlaumu mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa kuhusu paa alilosema atalirekebisha, akamaliza, akafuta pua, akarudi kukata vitunguu. Dereva mmoja alipiga magoti akanong'ona kwa lugha nisiyoijua. Yule askari wa zamani alisimama wima akapiga saluti, na mkono wake ulikaa pale kichwani muda mrefu. Nilitamani kumuuliza ni ya nani. Nikajizuia, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Saa sita hivi nzi alimtua puani, binti akapiga chafya. Kina mama waliokuwa wakilia walimgombeza.

"Vumilia, mwanangu. Unaharibu kilio."

Akavumilia.

Baada ya hapo nikamwona kaka yangu anashuka kwenye boda kando ya barabara. Mkononi ana mfuko wa sukari na miche ya sabuni, vitu ambavyo mtu hupeleka msibani. Habari ilikuwa imefika Oraba kwamba fundi mmoja wa Arua, binti ya askari fulani wa Pajulu, amefiwa na ameweka matanga Koboko. Kaka aliyekataa kuja kwa baba yake alikuja mbio kwa ajili yangu, bila kujua nimefiwa na nani. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa na mvi nisizozijua.

"Nani?" akauliza. Uso wake ulikuwa umekauka. "Si mama?"

Nikamwambia mama mzima. Nikamweleza habari ya binti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyokunjana. Alitazama mkeka, alitazama sufuria, alimtazama mzee aliyekuwa bado kwenye benchi.

"Mnacheza na kifo," akasema. Akaniwekea mfuko miguuni, akageuka.

Hasira zangu nazijua, huwa zinaanzia masikioni. Nilimwona anavuka uwanja na ule mgongo wake ulio sawa na wa baba, anarudi kwenye malori yake, nikajua akifika barabarani basi, sikio la mama litaisha bila kitu. Sikupanga. Niliweka mikono mdomoni nikauita mlio wa baba yetu.

Sauti yangu ya kike ilipanda, ikazunguka mara tatu, ikashuka. Kina mama waliacha kukoroga. Palikuwa na Walugbara wawili, wafanyabiashara wa tumbaku, wakasimama wima kama waliochapwa. Mwanamke hauiti mlio. Mwanamke hauiti mlio wa baba yake aliyekufa, tena hadharani, tena mrithi wake akiwa pale pale. Nilijua nimefanya kitu ambacho kaka akinipiga kofi hakuna atakayemzuia.

Kaka alirudi. Hakukimbia. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya dizeli kwenye shati lake.

"Nani alikuambia uite?"

"Mwenye kuuita alikataa kuja."

Nilingoja kofi. Badala yake alikunja uso, kama mimi ninapoona mshono umeenda upande.

"Na umekosea," akasema. "Katikati hapana hivyo. Wewe umepitisha tu. Pale iko kukatika."

Nikamwambia haukatiki, nimeusikia utoto wangu wote.

"Ulisikia ukiwa ndani ya nyumba na mama. Mimi nilikuwa natembea na yeye." Sauti yake ilianza kubadilika. "Pale alikuwa anaruka mfereji. Ule mfereji wa kwetu, kabla ya muhogo. Anaita, anaruka, anamaliza. Kila siku."

Kisha kaka yangu, mtu mzima, wakala anayeogopwa na madereva, akafunika uso kwa mikono. Aliniambia mambo yake pale pale, kwa sauti ndogo. Aliporudishwa kwenye kizuizi aliweka baiskeli porini, akataka auite mlio akiwa huko huko, peke yake, baba asilale bila kitu. Haukuja. Alijua mwanzo, akajua mwisho, katikati pakawa patupu. Alijaribu tena baadaye nyuma ya malori Oraba, mara nyingi, injini zikiwaka ili asisikike. Kila akifika katikati sauti inakufa. Mrithi gani anasahau mlio wa baba yake? Angekuja Pajulu afungue mdomo mbele ya ukoo wote, atoe nini?

"Miaka yote mimi natafuta," akasema. "Wewe umeharibu, ndiyo nikasikia."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado nalistaajabia. Kitu alichokitafuta kwa miaka hakikurudi kwa kukitafuta. Kilirudi aliposikia mwingine anakikosea. Hata mimi kwenye kazi, mteja hajui anataka nini mpaka umshonee asichotaka. Lakini sikujua kwamba majonzi nayo yako hivyo, na kwamba tusi langu lingefanya kazi ambayo simu zangu zote za heshima zilishindwa.

Alienda kwenye mkeka. Alipiga magoti kando ya yule binti asiyemjua, ambaye dakika chache kabla alimshutumu kwamba anacheza na kifo. Hakuuita mlio, maana huo ni wa nyumbani na ni wa mara moja. Alilia tu, mabega yakiruka, na yule mama mnene akaja akamshika shingo kwa nyuma akimwambia alie, alie, chakula kiko karibu. Mimi nililia nimesimama. Nililia kwa ajili ya baba, na kidogo kwa ajili ya chuki niliyokuwa nimemwekea kaka yangu bure.

Saa kumi binti aliketi. Watu wakampigia vigelegele, akanawishwa uso na mikono, akapewa sahani ya kwanza ya maharage na muhogo. Nilimkazia macho kumwona kama amepona, maana nilikuwa na maswali yangu. Alikuwa anatafuna vizuri tu, mpaka ajuza mmoja akamuuliza bibi yake alikuwa akiishi upande gani. Akaanza kujibu, tonge likamkwama mkononi, akalia pale na sanda yangu ikaingia mchuzi. Ajuza alimshikia sahani isimwagike.

Njiani tukirudi Arua nilimuuliza kama alijua mambo yatakwenda hivyo. Akasema hapana, alipanga kuwe na kimya, na watu wangepita polepole, na pengine angelia saa nane. Habari ya sufuria hakuipanga. Nilipomuuliza alihisi nini nilipouita mlio, akasema alitaka kufumbua macho kuliko wakati wowote, na kwamba nikitaka kazi hii ya maiti niseme, nina kipaji. Nikamwambia mimi mdomo wangu haufungwi kwa muda wa saa nane mfululizo, hata nikifa kweli nina wasiwasi.

Kaka alisema atakuja Jumamosi iliyofuata. Sikumwambia mama. Nilikuwa nimeshamwahidi mengi, na moyo wake si mpira wa kurushwarushwa. Nilikwenda Pajulu mchana, nikakaa naye nyuma ya nyumba tukipura maharage. Chakula alishakipika, sufuria ameipua, ameiweka chini kando ya jiko kama kila siku, kipoe. Nilizungumza naye upande wa kulia, kwa sauti kubwa, na bado nusu ya maneno hakuyapata. Kufika saa kumi na moja nilikuwa nimeshaanza kumlaani kaka kimoyomoyo. Nikawaza kwamba hata akija, mama hatasikia, nami nitalazimika kumwambia, na kuambiwa si kusikia.

Ndipo ukatoka barabarani. Ulianza juu sana, ukazunguka mara tatu. Ukakatika. Nilihesabu moyoni, mtu mzito kidogo, anaruka mfereji, miguu inagusa upande huu. Ukaendelea, ukashuka taratibu kupitia muhogo.

Nilimgeukia mama nimshike mkono, nimwambie. Hakuwepo kwenye kigoda. Alikuwa ameinama kwenye jiko, anapuliza makaa, na sufuria ameshairudisha motoni.